Nimeovatekiwa: Neno la Barabarani Mbele ya Kalamu Nyekundu

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Mchafukoge. Ukilitazama jina hilo la kata yetu utaona lina vipande viwili, jina na kitenzi: mchafu, koge. Yaani aliye mchafu na akoge. Wageni hucheka wakilisikia, sisi tumelizoea. Nimeanza nalo kwa sababu makala haya yanahusu jambo hilohilo la jina na kitenzi, ila neno ninalolizungumzia halikutoka kwa wazee wa mjini. Limetoka kwa Waingereza, limepitia barabarani, limeshukia Kariakoo, na muhula uliopita limenigharimu alama.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika semina ya uandishi wa kubuni tulipewa zoezi la hadithi fupi. Nikaandika juu ya kaka yangu, ambaye kwa miaka minne alikuwa konda wa daladala la Gongo la Mboto, na juu ya mama, anayeuza khanga na vitenge Kariakoo. Hadithi ilirudi ina mistari mitatu myekundu, yote chini ya neno moja. Mara ya kwanza konda anamwambia dereva wake: "Liovateki hilo lori, suka!" Mara ya pili mama anarudi jioni, anavua viatu mlangoni na kusema: "Leo nimeovatekiwa, mwanangu." Mara ya tatu ni mimi msimulizi mwenyewe, naandika kwamba asubuhi ile jua lilikuwa limeshaovateki mawingu. Pembeni Mwalimu aliandika kwa kifupi: "Si Kiswahili. Tumia kupita, kupitwa."

Siandiki makala haya kulilia alama. Hizo zimekwisha kuingia daftarini, basi. Ninachotaka ni kueleza neno hili linavyofanya kazi: linakaaje kama kitenzi, linakaaje kama jina, na kwa nini mama hakusema "nimepitwa" wakati neno hilo analijua tangu utoto wake. Mwishoni nitasema pia ni wapi Mwalimu alikuwa sahihi, maana napo pako.

Neno linapopanda gari

Maana ya mwanzo wote tunaijua. Gari lililo nyuma linaongeza mwendo, linatoka kwenye mstari wake, linalipita la mbele, kisha linarudi mstarini. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo ovateki ya halali hupitia kulia. Angalia: hapo nimesema "ovateki ya halali", neno limekuwa jina. Konda alipomwambia suka "liovateki", lilikuwa kitenzi. Umbo ni lilelile, halijabadili hata shati.

Kwa Kiingereza jambo hilo ni la kawaida sana. Maneno yao mengi ya mwendo hukaa popote yanapotaka: run ni kukimbia na ni mbio, jump ni kuruka na ni mruko. Lakini hapa pana kichekesho. Neno overtake kwa desturi ya Kiingereza ni kitenzi. Ukitaka jina, kawaida unaliongezea mkia na kusema overtaking, ingawa watangazaji wa mashindano ya magari siku hizi wanalitumia kavukavu kama jina. Kwa hiyo kondakta wa Kariakoo anaposema "ovateki ile ilikuwa mbaya" hajaiga sarufi ya Mwingereza neno kwa neno. Amechukua kitenzi akakiundia jina yeye mwenyewe.

Sasa Kiswahili kwa asili hakifanyi hivyo mara nyingi. Sisi neno likitoka kwenye kitenzi kwenda kwenye jina hubadilishwa kichwa, au mkia, au vyote viwili. Enda hutoa mwendo na mwenendo. Pita hutoa pito, mapito na mpito. Ruka hutoa mruko. Kwa kanuni hiyo tungetarajia watu waseme "uovatekiji" au "muovateko". Sijawahi kuyasikia, si Msimbazi, si Gerezani. Watu wanasema ovateki, wanaliweka katika ngeli ya I-ZI pamoja na safari na ajali, wanaendelea na kazi: ovateki hii, ovateki zile, ovateki za kijinga.

Upande wa kitenzi nako neno limepewa kila haki. Kitenzi cha asili huishia na a, na a hiyo hugeuka i tunapokanusha wakati uliopo: napita, sipiti. Ovateki huishia na i tangu mwanzo, kwa hiyo haligeuki: naovateki, siovateki. Linanyambulika: kuovatekiwa. Linapokea kauli ya kutendana, kwamba magari mawili "yanaovatekiana". Mtoto wa darasa la pili hafundishwi haya, lakini hakosei.

Waliotangulia kwa jahazi

Atakayesema kwamba kitenzi kisichoishia na a hakina kwao katika Kiswahili, na amtazame msafiri yeyote. Msafiri husafiri. Akichoka hurudi. Njiani hufikiri, akiulizwa hujibu, akilipa nauli huhesabu chenji. Vitenzi vyote hivyo vilitufikia kutoka Kiarabu, na vyote hukanushwa kama ovateki: sisafiri, sirudi, sifikiri, sijibu, sihesabu. Mlango aliopitia ovateki ulifunguliwa karne nyingi kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini.

Tena, kati ya hao waliotangulia wapo wanaokaa kama jina na kama kitenzi bila kubadilika. Tunasema kujibu, tunasema jibu. Tunasema kuhesabu, tunasema hesabu. Wengine walikuja wawili wawili, kila mmoja na umbo lake: safari na safiri, fikra na fikiri, dhuluma na dhulumu. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayethubutu kumpigia mstari mwekundu, amewatumia wote hawa maisha yake yote.

Na lugha haikopi upande mmoja tu. Neno letu safari liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, kupitia maandishi ya wasafiri kama Richard Burton. Lilikwenda kama jina. Leo kamusi zao zinalionyesha kama jina na pia kama kitenzi. Walifanya kwa safari kile kile tulichofanya kwa ovateki, ila sisi tulianzia kitenzi tukaishia kwenye jina, wao walianzia jina wakaishia kwenye kitenzi. Sijasikia kwamba kuna mwalimu wa Kiingereza aliyelia.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba lugha yetu ya barabarani sehemu kubwa ni lugha ya baharini iliyopandishwa nchi kavu. Usukani ulikuwa wa chombo, leo ni wa gari. Abiria walikuwa wa jahazi, leo wananing'inia mlangoni mwa daladala. Kuegesha kulikuwa ni kuleta chombo karibu na gati, leo tuna maegesho ya magari. Nanga nalo ni neno la kigeni, asili yake Kiajemi, lakini tunalitia na kulin'goa kwa vitenzi vyetu wenyewe: kutia nanga, kung'oa nanga. Leo tunatia gia na kushika breki kwa utaratibu uleule.

Lakini kwa ovateki bahari haikutuachia neno. Vitabu vya kufundishia udereva vinalazimika kusema "kulipita gari lililo mbele yako", maneno matano mahali pa moja. Nilimsomea kaka. Akaniambia: "Sasa dogo, hebu fikiria. Mimi niko mlangoni, lori liko mbele, na mbele yake kuna upenyo wa sekunde tatu. Nianze kumwambia suka, tafadhali lipite gari lililo mbele yako? Nikimaliza sentensi upenyo umeshafungwa."

Hiyo ni sababu ya kwanza, ya wepesi. Si sababu kubwa, lakini ni ya kweli.

Maneno yaliyopaki

Si kila neno la mwendo lililotoka Kiingereza limepata bahati ya ovateki. Mengine yaliingia kama jina tu, yakapaki hapohapo.

Mfano mkubwa ni Kariakoo yenyewe. Wengi wetu tumeshasikia kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi katika eneo ambalo leo ni soko. Ndani ya jina hilo kuna kitenzi cha Kiingereza, carry, kubeba. Ni kitenzi cha mwendo na cha jasho: maelfu ya watu walitembea na mizigo kichwani mpaka wengi wakafa njiani. Lakini sisi tulipokea jina, kitenzi hatukukipokea. Hakuna anayesema "kukaria mzigo". Matokeo yake jasho lote lile limenyamaza. Mtu anasema naenda Kariakoo kununua viatu na hasikii mpagazi yeyote ndani ya neno. Jina limebaki, mwendo umetoka.

Dereva naye ni hivyohivyo. Kwa Kiingereza anatokana na kitenzi, kwetu ni jina la mtu, na kazi yake tunaieleza kwa kitenzi chetu: anaendesha. Trafiki kwa Kiingereza ni msongamano wa vyombo, kwetu ni askari, ana miguu miwili na kitabu cha faini. Machinga nao wameingizwa katika hesabu hii kwa nguvu. Wapo wanaoeleza vijiweni kwamba neno hilo linatokana na Kiingereza cha kutembea kwa mwendo wa askari, marching guy, kwa kuwa machinga hutembeza bidhaa. Ni hadithi tamu, lakini Machinga ni jina la mahali na la watu huko Lindi, na vijana wengi wa mwanzo waliotembeza bidhaa mjini walitokea kusini. Hata hivyo hadithi hiyo inatufunza kitu: watu wakimwona mtu anatembea kutwa nzima juani, wanatamani hata jina lake liwe na mwendo ndani.

Kuna njia ya kati, nayo ni ya kitenzi piga. Neno likiwa jina tu na tukataka litembee, tunalisukuma kwa piga: kupiga kona, kupiga rivasi, kupiga pasi. Hili la mwisho mwanafunzi yeyote analijua kwa undani. Pasi uwanjani ni mpira kutoka mguu hadi mguu. Bwenini kupiga pasi ndefu ni kunywa chai asubuhi na kukutana na chakula tena usiku, mchana umevukwa hewani kama mpira. Kwa hiyo jina nalo linaweza kupata maana mpya, mradi liwe na kitenzi cha kulibeba.

Ovateki halikuhitaji kubebwa. Liliingia likiwa na miguu yake, kisha likajitengenezea kiti cha kukalia. Ndiyo maana limefika mbali kuliko mengine, mpaka likafika kwa mama.

Kupitwa si kuovatekiwa

Sasa nije kwenye mstari mwekundu wa pili, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Siku ile mama aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi ya biashara. Akapanga foleni. Ilipofika saa nne alikuwa amebakiza watu watatu mbele yake. Akaja kijana na bahasha, hakupanga foleni, akaingia mlango wa pembeni, akatoka na karatasi yake anapepea. Baada yake akaja mwingine. Kisha dirisha likafungwa, watu wakaambiwa warudi kesho. Mama akarudi Kariakoo, akauza alichouza, jioni akaja nyumbani. Nilimwuliza imekuwaje. Akasema lile neno.

Nimejaribu kufuata ushauri wa Mwalimu kwa moyo mmoja. Nikaandika: "Leo nimepitwa, mwanangu." Nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti. Ni Kiswahili safi. Lakini si aliyoyasema mama, wala si yaliyompata.

Tutazame kupitwa kunavyotumika. Mtu hupitwa na basi: basi limekuja kwa ratiba yake, yeye kachelewa. Mtu hupitwa na wakati: dunia imekwenda, yeye kabaki. Mtu hupitwa na bahati. Katika mifano yote hiyo anayepita hana kosa. Anafuata njia yake tu. Kama kuna lawama, inamwangukia aliyepitwa, kwamba alizubaa. Mama hakuzubaa. Alikuwepo tangu alfajiri.

Kuovatekiwa kunahitaji vitu vitatu. Kwanza, lazima uwe na wewe ulikuwa barabarani unatembea, tena mstarini. Gari lililosimama haliovatekiwi, linapitwa. Pili, aliyekupita lazima awe alikuwa nyuma yako. Tatu, lazima awe ametoka kwenye mstari kwa makusudi. Foleni ya mama ilikuwa na vyote vitatu. Neno lile moja lilisema: nilikuwa kwenye haki yangu, nilikuwa nasogea, na kuna mtu, si saa wala bahati, mtu, aliyetoka nyuma yangu akapita pembeni.

Nikajaribu maneno mengine. Nimedhulumiwa? Zito, lina harufu ya mahakama, tena linapoteza foleni nzima. Nimezidiwa kete? Hapo inakuwa kama mama alikuwa anacheza bao na yule kijana, wakati hata hawajuani. Nimerukwa? Hili linakaribia, lakini anayeruka ni yule aliye dirishani, anayeita majina. Mama hakumlenga wa dirishani tu. Alimwona mwenye bahasha.

Na asiseme mtu kwamba maana hii nayo tumeiiga kwa Waingereza. Wao wanao msemo wa kuovatekiwa na matukio, wakimaanisha kwamba mambo yamekwenda mbio kuliko mipango. Humo hamna mkosaji, ni kama kupitwa kwetu. Maana ya mkosaji, ya mtu aliyetoka mstarini, imepikwa hapahapa, na watu wanaoijua barabara na wanaoijua foleni.

Kuna jambo lilinishangaza zaidi nilipofungua kamusi ya Kiingereza. Neno lenyewe ni mawili yaliyounganishwa, over na take, juu na chukua, na zamani lilimaanisha kumfikia aliyetangulia na kumkamata, si lazima kumpita. Mama hajui habari hizo. Lakini nilipomwuliza anaelewaje neno hilo, alinijibu: "Si kukuchukulia chako huku umekishika?" Sikuwa na la kuongeza.

Kwa maana hiyo ovateki, kama kitenzi, halisimami pamoja na pita tu. Linasimama pia na laghai, saliti na dhulumu, vitenzi vya watu wanaotendewa na watu. Vyote hivyo ni vya kuja. Vyote vina kauli ya kutendwa: kulaghaiwa, kusalitiwa, kudhulumiwa. Kuovatekiwa ni mdogo wao wa mwisho.

Ovateki kama jina

Mtu atauliza: kama kitenzi kinatosha, jina la nini?

Jirani yake mama sokoni alipohadithiwa kisa cha foleni hakutikisa kichwa tu. Alisema: "Ovateki hiyo, mama." Maneno matatu. Kitenzi kilikuwa kimesimulia, jina sasa linahukumu. Ukisema "kaniovateki" unaeleza lililotokea kwako. Ukisema "ovateki hiyo" umelipa tendo jina, umeliweka mezani pamoja na matendo mengine ya aina yake, na kila aliyepo anaweza kulitazama. Ni kama tofauti ya kusema "ameniibia" na kusema "huu ni wizi". La kwanza ni kilio changu. La pili ni la wote.

Jina pia huhesabika na hupokea sifa. Kijiweni kwetu kuna "ovateki ya kulia", ya mtu aliyekuzidi kwa juhudi, akapiga honi, akaonyesha taa, ukamwona anakuja. Huyo hulaumiwi ukimpongeza. Na kuna "ovateki ya kushoto", ya anayepenya usipomtazamia. Kijana akichumbia binti wa watu na mwingine akapitia kwa shangazi na mahari ya haraka, hiyo ni ya kushoto. Watu wasio na gari hata moja wanatumia kanuni ya barabarani kupima tabia. Hii ni sitiari, ndugu msomaji. Tena ni sitiari yenye matawi, ile tunayoisifu tukiikuta katika tenzi za jahazi na pepo.

Kalamu nyekundu ilipokuwa na haki

Niliahidi kusema ukweli wote. Mstari wa tatu ulikuwa halali yangu.

Jua liliovateki mawingu: mstari uko wapi hapo? Nani alikuwa mbele, nani alikuwa nyuma? Mawingu yalinyimwa haki gani? Hakuna. Nilishika neno la kaka na la mama nikalivaa kama shanga, ili msomaji aseme huyu kijana anaijua mitaa. Neno lililombeba mama na uchungu wake nikalitumia kupambia asubuhi. Tena kwa kufanya hivyo nililiharibu mapema: msomaji akishacheka kwenye jua, akifika kwa mama atacheka tena, mahali ambapo hapana cha kucheka.

Hapa nadhani ndipo penye somo kwa sisi tunaojifunza uhakiki. Swali "je, hili ni neno la Kiswahili?" peke yake halitufikishi mbali. Tuulize nani analisema, na likiondolewa nini kinaondoka nalo. Konda akinyimwa neno lake anakuwa mtu anayesoma risala. Mama akinyimwa lake mkosaji anaponyoka. Msimulizi wa asubuhi akinyimwa, hakipotei kitu.

Naielewa pia hofu ya Mwalimu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na BAKITA iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, hazikufanya kazi ya bure. Kwa sababu ya kazi hiyo kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam kinasomeka Mombasa na Bukavu. Mwandishi anayemwaga maneno ya mtaani bila kujali anamfungia mlango msomaji wa mbali. Lakini dawa ni kuliandika neno ndani ya tukio linaloeleweka, foleni, bahasha, mlango wa pembeni, mpaka hata asiyewahi kupanda daladala alielewe kabla ya kuuliza. Riwaya pendwa za kina Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilidharauliwa kwa muda mrefu, lakini wasomaji walimfuata Willy Gamba na Joram Kiango kwa hiari yao, bila mtihani.

Na kwa heshima zote niseme jambo moja dogo. Wiki ileile niliyorudishiwa zoezi, tulitangaziwa darasani kwamba watakaosapu wajiandikishe mapema, na wenye sapu zaidi ya mbili waonane na ofisi. Kitenzi na jina, katika sentensi moja, kutoka mdomo mmoja, na wote tulielewa haraka sana. Hakuna aliyesema si Kiswahili. Tulikuwa tunaangaliana nani amo.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba ovateki linafuata njia iliyopitwa na safiri, jibu na hesabu. Kwamba jina lake tumeliunda wenyewe. Na kwamba kitenzi chake katika kauli ya kutendwa kinataja mkosaji ambaye kupitwa humficha. Maneno kama Kariakoo yanatukumbusha kinachotokea tukipokea jina bila kitenzi: baada ya miaka mia mwendo unasahaulika, na waliotembea nao wanasahaulika.

Hadithi nimeiandika upya. Konda bado anamhimiza suka, mama bado anasema alichosema. Kuhusu jua nimeandika kwamba lilikuwa limeshatoka. Nimeiwasilisha tena kwa Mwalimu, nasubiri.

Mama naye alirudi kwenye ile ofisi, akaipata karatasi yake siku ya tatu. Nilimwuliza kama safari hii hawakumuovateki. Akacheka, akasema: "Walitaka. Nikakaa katikati ya barabara."

Mwenye hoja tofauti, awe mwanafunzi mwenzangu au mwalimu, na ajitokeze katika toleo lijalo. Nitamjibu kulia, na honi nitapiga.